Sentensi za Alhamisi

Alhamisi, 9 Januari

Mwalimu amesema tuandike. Kila mtu na daftari lake, kila siku japo mstari mmoja, mpaka mtihani wa Machi. Blas akamuuliza, "Na siku ambayo hakuna kilichotokea?" Mwalimu akamjibu, "Andika kwamba hakuna kilichotokea. Hapo tayari una vishazi tegemezi." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaviona vishazi vyenyewe kabla hajafunga mdomo, na moyo ulinidunda kama wa msichana.

Haya basi, naandika. Jina langu Custodia, umri miaka sitini na minane, mjane wa Amadeo, mama wa Eladio. Nina mizeituni mia mbili na kumi kwenye mteremko ambao mashine haipandi, magoti mawili mabovu, na ulimi ambao marehemu alikuwa akisema ungefaa kufungiwa kabatini siku za sherehe. Cheti cha shule sina. Nilitolewa darasani nikiwa na miaka kumi na miwili, na tangu siku ile hakuna kitu kingine nilichokitaka kwa ajili yangu mwenyewe. Mwanangu nilimtakia mengi. Mimi nilitaka karatasi hiyo tu.

Ijumaa, 10 Januari

Barafu kwenye majani mpaka saa nne. Tumevuna miti kumi na minne. Vidole havishiki kalamu.

Jumatatu, 13 Januari

Darasa letu la watu wazima liko juu ya maktaba, Jumatatu mpaka Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Tuko sita. Mimi hufika na matope ya shambani kwenye buti, na Prudencia wa duka la mikate hunisogezea gazeti nikanyagie. Blas, aliyeendesha matrekta ya watu maisha yake yote, hukaa karibu na jiko la moto na hapishi mtu.

Mwalimu anaitwa Maialen. Ana miaka ishirini na tisa, katoka kaskazini kunakonyesha mwaka mzima, na siku ya kwanza nilimwona kifaranga. Nilijisemea, huyu atanifundisha nini mimi? Leo kaandika ubaoni sentensi ndefu, akasema, "Kishazi huru ni mtu mwenye nyumba yake. Kishazi tegemezi ni yule asiyeweza kulala nje, lazima apate wa kumwegemea."

"Basi mwanangu ni tegemezi," Blas akasema. "Ana miaka arobaini na bado analala kwangu."

"Wa aina gani?" Prudencia akamchokoza. "Wa kinomino, wa kivumishi, au wa kielezi?"

"Kielezi cha wakati. Hatokei mpaka wakati wa kula."

Tulicheka mpaka mwalimu akakaa chini. Halafu akaanza kuchora masanduku chini ya sentensi, dogo ndani ya kubwa. Ndivyo alivyochora Mwalimu Angustias, aliyenifundisha utotoni. Kwanza vitenzi vyote kwa penseli nyekundu, kisha masanduku. Nikasikia harufu ya lile darasa: wino, soksi mbichi zikikauka, maziwa ya unga yakichemshwa kwenye sufuria kubwa. Nilikuwa wa kwanza kumaliza kila siku. Mwalimu Angustias alikuwa akipita nyuma yangu, anaweka mkono begani, haneni kitu. Huo mkono bado nausikia. Nimerudi nyumbani nikalia jikoni peke yangu, na sioni aibu kuandika.

Alhamisi, 16 Januari

Alhamisi ni siku ya sentensi za nyumbani. Mwalimu kaleta kanuni: kila mtu alete sentensi aliyoisikia kweli, nyumbani au shambani, tuipasue ubaoni. Jina la aliyeisema halitajwi.

Masikini, hajui kijiji hiki. Prudencia kaleta hii: "Kama ungenisikiliza, tusingekuwa na paka saba." Nani hajui kwamba ni mumewe? Hata masharubu yake tuliyaona ubaoni. Tukachora masanduku yetu kwa heshima zote, kishazi cha sharti huku, kishazi kikuu kule, na Prudencia kakaa wima kama mtu anayepigwa picha.

Jumapili, 19 Januari

Baada ya misa nimempelekea dada yangu Feliciana sufuria ya dengu. Tunapakana ukuta. Ana miaka sabini na mitatu, hakuolewa, amewashonea nguo za harusi nusu ya wanawake wa kijiji hiki. Hajawahi kuokota zeituni hata moja maishani mwake, na hapa kwetu hilo ni kama kusema mtu hajawahi kula mkate. Kifua, wanasema. Kifua tangu utotoni.

"Bado unakwenda huko?" akaniuliza, sindano mdomoni.

"Nakwenda."

"Na umri wako huo!"

"Umri wangu nakwenda nao. Ningeuacha wapi?"

Akatikisa kichwa. Hivyo ndivyo tunavyoongea miaka yote: dengu, hali ya hewa, nani kafa. Sufuria itarudi Jumatano na kitu ndani, mayai au keki. Huku kwetu chombo cha mwenzio hakirudi kitupu.

Alhamisi, 23 Januari

Sentensi ya Blas: "Sijui kwa nini nilioa mwanamke ambaye anajua kuhesabu glasi." Mkewe, ndio. Sentensi ni ya Blas mwenyewe lakini glasi anazihesabu mkewe. Mwalimu katufundisha njia ya kukijua kishazi cha kinomino: kiondoe, weka "hilo" mahali pake. Sijui kwa nini nilioa, sijui hilo. Njia ile ile ya Mwalimu Angustias! Nikamwambia. Akaniuliza, "Alikuwaje?" Nikaongea dakika kumi bila kupumua, na yeye akanisikiliza, chaki mkononi. Kifaranga nimeanza kumpenda.

Jumanne, 28 Januari

Nimejaza fomu ya mtihani. Jumamosi, 15 Machi, mjini, saa tatu asubuhi. Mwalimu kasoma jina langu lote kwa sauti akiliandika. Hakuna aliyelisoma jina langu lote tangu siku ya ndoa.

Jumapili, 2 Februari

Hakuna kilichotokea. (Vishazi vyangu viko wapi leo, Blas?)

Jumatano, 5 Februari

Mwalimu kasema kesho tulete sentensi ambayo hatujawahi kuisahau. Nimekaa na daftari mbele ya moto. Ninayo moja. Nimeibeba miaka hamsini na sita.

Alhamisi, 6 Februari

Nitaiandika yote, nijionee nilichofanya.

Ilikuwa Desemba ya mwaka sitini na nane. Mama alikuwa ameanguka shambani, mkono umevimba, na baba akaingia jikoni akasimama mbele ya moto. Akasema kesho mmoja wetu atakwenda kuokota zeituni, na asitegemee kurudi shule mwaka ule. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la kabati la vyombo, nafanya kazi ya darasani kwa mwanga wa mlangoni. Nikamsikia Feliciana, miaka kumi na saba, aliyekuwa anajifunza kushona kwa masista na kusoma nao hesabu mchana. Alisema: "Mchukue mdogo, kwa sababu mimi nikienda, kifua kitaniua." Baba akafikiri kidogo tu. Asubuhi mfuko wangu wa shule ulibaki msumarini, na mimi nikaenda mlimani. Mwalimu Angustias alikuja nyumbani mara tatu kuniombea. Baba alimpa divai na kiti cha heshima, na mara zote tatu alimjibu kwa adabu kubwa kwamba haiwezekani.

Leo nimeiandika ubaoni kwa mkono wangu. "Mchukue mdogo, kwa sababu mimi nikienda, kifua kitaniua." Jina sikutaja. Kanuni nimeifuata.

Prudencia kainamisha macho. Blas kaacha kuchokora jiko. Mwalimu peke yake, mgeni wa watu, kafurahi: "Nzuri sana, Custodia! Cha sababu, na ndani yake cha sharti! Nani aliyesema?"

"Mwalimu, kanuni," Blas akasema polepole.

Nikaipasua. Vitenzi kwa chaki nyekundu, masanduku manne, sikukosea hata mstari. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na nikiwa naiandika nilisikia utamu mbaya mdomoni, kama nakula kitu cha wizi. Nilikuwa nalipa kisasi na nilijua. Nimerudi nyumbani nikaona taa ya Feliciana dirishani, anashona, hajui kitu.

Ijumaa, 7 Februari

Lisemwalo lipo, na kijijini husemwa kabla jogoo hajawika. Saa mbili asubuhi Feliciana aliingia dukani kwa Prudencia kununua mkate. Kulikuwa na wanawake wanne kwenye foleni. Mmoja akamgeukia: "Feliciana, mwenzetu, kifua kimeamkaje leo? Hakijakuua bado?" Wengine wakacheka. Prudencia mwenyewe kanisimulia, na hakuwa anacheka. Kasema Feliciana aliweka mkate kaunta, akatoka bila kuuchukua.

Miaka yote nilitaka watu wajue. Sasa wanajua, na chakula cha jioni nimekirudisha sufuriani.

Jumamosi, 8 Februari

Nimefungua mlango asubuhi nikakuta kizingitini vyombo vyangu vyote: sufuria ya bluu, bakuli mbili, bati la keki, hata kijiko cha mbao nilichomwazima mwaka alipokufa Amadeo. Vimesuguliwa vinang'aa. Vitupu.

Nimebisha. Hakufungua.

Jumanne, 11 Februari

Nimebisha. Kimya. Namsikia anavyoburuta kiti upande wa pili wa ukuta.

Ijumaa, 14 Februari

Mvua.

Jumatatu, 17 Februari

Mvua. Eladio katazama mbingu kutoka mlangoni kwa saa nzima, kama atazitisha. Miti themanini na tatu imebaki.

Alhamisi, 20 Februari

Mvua. Sikupeleka sentensi. Mwalimu kanibakiza baada ya darasa. Kumbe Blas keshamweleza kila kitu.

"Ni kosa langu," akasema. "Kwetu mjini sentensi ni sentensi. Sikujua kwamba hapa kila moja ina mwenyewe."

"Wewe hukujua, mwalimu. Mimi nilijua."

Hakunibembeleza. Aliniuliza tu, "Na yeye alikuwa na miaka mingapi?" Nikamjibu kumi na saba. Akarudia, "Kumi na saba," akavaa koti. Tangu hapo najiuliza mambo ambayo sikuwahi kujiuliza. Kwenye kichwa changu Feliciana wa siku ile alikuwa mtu mzima mwenye hila. Lakini Marisol, mkamwana wangu, ana mdogo wake wa miaka kumi na saba, na yule mtoto akiona panya anapanda juu ya meza.

Ijumaa, 28 Februari

Sikukuu ya mkoa. Mvua. Nimekaanga makombo ya mkate na vitunguu saumu kama alivyofanya mama siku za mvua, nimekula peke yangu mbele ya moto. Siku za mvua zilikuwa sikukuu zetu za kweli. Baba alisuka vikapu, mama alitarizi, na Feliciana alinisuka nywele, akinivuta kwa makusudi nikigeuka kuangalia kitabu. "Tulia, profesa," alikuwa akiniambia. Profesa! Nilikuwa nimesahau kwamba yeye ndiye aliyenipa jina hilo.

Jumatatu, 3 Machi

Kiwanda cha ushirika kimebandika tangazo: mashine za kukamua zitazimwa Jumamosi tarehe 15, saa mbili usiku. Zeituni zitakazofika baada ya hapo hazitapokelewa. Nimelisoma tangazo mara mbili, kwa sababu tarehe hiyo naijua.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua mpaka saa sita. Halafu matope. Miti kumi na moja.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Kasisi katuombea jua. Mungu naye ana mambo yake.

Jumatano, 12 Machi

Eladio kaja jikoni, kasimama mbele ya moto. Alisimama pale pale aliposimama babu yake, na sijui kama analijua hilo. Ana miaka arobaini na minne, ni mtu mwema, hajawahi kunipandishia sauti.

"Mama," akasema, "imebaki arobaini na mmoja. Kesho na keshokutwa wametangaza mvua. Nimewapigia watu wote ninaowajua. Kila mtu yuko kwake, wote wanakimbizana na kiwanda."

"Jumamosi nina mtihani, Eladio."

"Najua, mama. Ndiyo maana nimekaa garini nusu saa kabla sijaingia."

Akaanza kulia, mtu mzima yule, kofia mkononi. Mizeituni ile ilipandwa na babu wa Amadeo. Zeituni zikioza chini mwaka huu, baada ya miaka miwili ya ukame, mwakani Eladio ataenda kutafuta kazi mjini na shamba litakuwa la ndege. Hakusema hivyo. Hakuhitaji kusema.

Nikamwambia, "Nitakuja."

Ni sentensi fupi, haina kishazi tegemezi hata kimoja.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia mwalimu. Kakasirika, kawa mwekundu mpaka masikioni.

"Umesubiri miaka hamsini na sita!"

"Zeituni hazisubiri, mwalimu."

"Kuna mtihani mwingine Juni."

"Juni nitakuwa na magoti haya haya na mama mkwe wa Eladio wa kuuguza. Mtu akitolewa shule mara mbili, mwalimu, hapelekwi mara ya tatu. Mimi najijua."

Blas alikuwa anasikiliza. Mgongo wake una vyuma sita, hawezi kuinama kufunga viatu. Akasema, "Ningekuwa na mgongo, Custodia," akashindwa kumaliza. Mwalimu kasema jina langu halifuti kwenye orodha. Nimemwacha nalo. Nimetembea kurudi nyumbani kwenye mvua bila kufungua mwavuli, na nikasema kwa sauti pale barabarani maneno ambayo sitayaandika hapa.

Jumamosi, 15 Machi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilitoka na kikapu cha mkate. Mvua ilikuwa imekata. Eladio na Marisol walikuwa wanapakia garini nyavu za kutandika chini ya miti, na kando ya gari alisimama mtu aliyevaa buti za baba. Nilizijua buti kabla ya kumjua mtu. Kitambaa kichwani, glavu za kazi mpya, na aproni ya kushonea yenye pini bado kifuani.

"Eladio," Feliciana akasema, "Jumatano niliwasikia kupitia ukuta. Nionyeshe nyavu zinavyovutwa. Nishike wapi?"

Eladio katoa macho. "Mama mkubwa, huko juu ni baridi. Kifua chako—"

"Kifua changu hakina kitu." Akanigeukia mimi. Mwezi mzima na zaidi hakuwa amenitazama. "Hakijawahi kuwa na kitu, Custodia. Siku ile pia."

Nikashindwa kufungua mdomo. Mimi!

"Niliogopa," akasema. "Nilikuwa nimemfunga mama bendeji usiku ule. Niliuona mkono wake, ngozi imepasuka kama udongo. Nilikuwa naitaka mikono yangu ya kushonea. Nilijua ukienda wewe hutarudi shule, na bado nikasema. Uliyoyaandika ubaoni ni kweli, neno kwa neno. Nilikuwa nafikiri hukusikia."

"Nilikuwa nyuma ya pazia."

"Basi miaka yote ulijua, ukaniletea dengu."

"Miaka hamsini na sita, Feliciana."

"Najua kuhesabu. Si mimi niliyebaki kusoma hesabu?"

Nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka kumkumbatia. Marisol alikuwa anatazama ardhi, na Eladio anafunga kamba ambayo ilishafungwa.

"Basi la mjini linapita saa moja," Feliciana akasema, sauti imeanza kukatika. "Ukibaki hapa kunitazama litakuacha, na mimi nitakuwa nimevaa hizi buti bure. Nenda. Nenda, profesa."

Nikampa kikapu cha mkate. Nikakimbia, kama magoti haya yanajua kukimbia.

Darasa la mtihani lilikuwa na vijana arobaini wenye usingizi, na mimi. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni tangu saa mbili. Alinitoa jani la mzeituni kwenye nywele. Sentensi ya kuchanganua ilikuwa hii: "Wageni waliofika jana walisema kwamba watarudi mvua itakapokoma." Nikacheka peke yangu, kijana wa pembeni akanitazama. Cha kivumishi, cha kinomino, na cha wakati ndani ya cha kinomino. Nikapigia mstari vitenzi, nikachora masanduku.

Saa tisa nilikuwa nimerudi, nikapanda mlimani na nguo zangu za mtihani. Walikuwa wamebakisha miti sita. Feliciana alikuwa amepiga magoti chini ya mzeituni anaokota zilizodondokea kwenye matope, moja moja, kwa vidole viwili, kama anayeokota pini sakafuni. Glavu alikuwa amezivua.

"Mama mkubwa kakataa kupumzika," Marisol akaninong'oneza. "Kaanguka mara tatu. Ametutukana wote."

Nikamshika mikono nikaigeuza. Viganja vilikuwa vimechubuka, damu na matope, na vidole havikunjuki. Mikono ile ilikuwa imeshona gauni langu la harusi.

"Ilikuwaje?" akaniuliza.

"Nilimaliza wa kwanza."

"Ungeachaje?" Akajaribu kucheka. "Hivi nyie mnafanya hivi kila siku? Kila siku?"

"Kila siku, dada."

Nikakata mkate, nikatoboa shimo katikati, nikajaza mafuta na chumvi, nikamlisha kama mtoto kwa sababu hakuweza kushika. Halafu nikapiga magoti karibu yake. Mti wa mwisho tuliuokota sote wanne. Gari liliingia kiwandani saa moja na nusu jioni.

Jumapili, 16 Machi

Tumelala.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nilikuwa wa kwanza kwenda ubaoni. Nikaandika: "Dada yangu Feliciana, ambaye hakuwahi kuokota zeituni, alipanda mlimani ili mimi nifanye mtihani."

"Custodia," Blas akasema, "umetaja jina. Kanuni!"

"Nimetaja. Na Prudencia, kesho asubuhi uisome dukani kwa sauti, foleni ikiwa ndefu."

"Nitaibandika kaunta," Prudencia akasema. Na kweli alitoa karatasi akanakili.

Ijumaa, 4 Aprili

Matokeo yametoka. Nimefaulu. Mwalimu kapiga simu kuniambia. Nimekwenda makaburini kumwambia Amadeo, halafu nikapita kwa Mwalimu Angustias, nikang'oa majani kwenye kaburi lake. Nilitaka mkono wake begani. Nilisimama pale muda mrefu.

Jumapili, 6 Aprili

Nilikuwa nimempelekea Feliciana supu kwenye sufuria ya bluu siku zile mikono yake ilipokuwa imefungwa. Leo kairudisha. Ilikuwa nzito, imejaa dengu, na juu ya kifuniko kulikuwa na kitu kimefungwa kwa kitambaa.

Hakutaka kuingia. Alisimama mlangoni, uso umempauka.

"Fungua," akasema. "Ukitaka kunifukuza, nifukuze baada ya hapo."

Lilikuwa daftari langu. Lile la shule, la jalada la kijivu. Nusu ya kwanza ni mwandiko wangu wa utotoni, sentensi na masanduku. Nusu ya pili ni mwandiko wake: viuno, mabega, urefu wa mikono, gauni moja baada ya jingine, majina ya wanawake ambao wengi wao tumeshawazika. Ukurasa mmoja tu katikati hakuugusa. Ulikuwa na sentensi moja, kwa penseli nyekundu, na mwandiko ule nisingeusahau: "Custodia atakaporudi, tutaendelea pale tulipoishia." Chini yake nafasi tupu, na neno: kazi ya nyumbani.

"Lilikuwa limebaki kwake, akanipa nikuletee," Feliciana akasema. "Mara ya tatu alipokuja. Nilijua ukiliona utalia, na baba akikuona unalia atabadili mawazo, aniambie niende mimi. Nikalificha. Halafu nikaona haya kulitoa, na kila mwaka haya ikazidi."

Nililia, ndio. Nililia pale mlangoni kwa sauti, majirani wasikie wasisikie, na yeye akabaki amesimama na mikono yake yenye makovu, anasubiri nimfukuze.

Nikamwambia, "Ingia, dengu zinapoa."

Tumekula. Alipomaliza akavuta kiti nyuma yangu na kuanza kunisuka hivi vinywele vyeupe vilivyobaki, vidole vyake bado vigumu, na mimi nikafungua daftari la kijivu mezani. Nikatafuta penseli nyekundu kwenye droo. Nikapigia mstari vitenzi kwanza, kama tulivyofundishwa, kisha nikaanza kuchora masanduku.

"Tulia," akasema, akanivuta nywele.